Mmea wa shanga katika nyumba ya Tanga: namna ya kuutunza bila kuuozesha

Ukipita kwenye vitalu vya maua vya pembezoni mwa barabara hapa Tanga mjini, huenda ukaona kopo limetundikwa kwenye tawi, na ndani yake nyuzi za kijani zimemwagika hadi chini, kila uzi umetungwa viduara vidogo vilivyojaa maji. Wengine wanauita mmea wa shanga, wengine mmea wa lulu, na muuzaji asiye na jina la kukupa atakuonyesha kwa kidole tu. Jina lake la kitaalamu ni Curio rowleyanus. Vitabu vya zamani kidogo vinauandika Senecio rowleyanus, lakini ni ule ule. Dirishani unapendeza hasa. Shida ni kwamba katika nyumba nyingi za pwani mmea huu umekuwa wa waja leo, waondoka leo. Unanunuliwa unang'aa, miezi haijapita mingi shanga zimegeuka uji, na mwenye nyumba anajilaumu kwamba hana mkono wa maua.

Mkono hauhusiki. Kinachohusika ni hewa yetu. Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu yameandikwa na watu wa nchi ambazo hewa ya ndani ya nyumba ni kavu, na wao wakisema "mwagilia mara moja kwa wiki" wanasema kweli kwa kwao. Hapa unyevu wa bahari umo chumbani mwaka mzima, na chungu kilichomwagiliwa leo kinaweza kuwa bado kina majimaji chini wiki mbili baadaye. Kwa hiyo haya ninayoandika ni kwa ajili ya nyumba ya huku: dirisha la nondo na wavu wa mbu, feni darini, na ukuta ambao masika yakikolea unatoa ukungu. Watu wa Pangani na Bagamoyo watayatumia vilevile. Ndugu zetu wa Lushoto wana baridi yao na kazi yao ni rahisi zaidi, wasiyafuate neno kwa neno.

Kwanza ujue unafuga nini

Asili yake ni maeneo makavu ya Eastern Cape, Afrika Kusini. Huko hauning'inii popote. Unatambaa chini, kwenye kivuli cha vichaka na mawe, na kila uzi unapogusa udongo unatoa mizizi na kuendelea mbele. Kuutundika ni mapambo yetu sisi. Ukishalijua hilo, mambo matatu yanakaa sawa kichwani: haupendi jua kali la mchana, mizizi yake ni mifupi na inakaa juu juu, na maji kwake huja kwa vipindi, siyo kila siku.

Kila shanga moja ni jani. Limekuwa duara kwa sababu umbo hilo hubeba maji mengi kwa ngozi kidogo, na ngozi ikiwa kidogo maji yanayopotea hewani nayo ni kidogo. Chukua moja uitazame karibu, kwenye mwanga. Utaona ncha ndogo mwishoni, na ubavuni mstari mwembamba uliokoza, kama vile ngozi pale imekuwa ya kioo. Huo ni mwanya wa kupitishia mwanga uingie ndani ya jani. Mstari huu ukumbuke, tutaurudia kwenye maji, maana ndio kipimo chako.

Mtu wa Tanga, kusema kweli, hahitaji kufundishwa mmea unaoweka akiba ya maji kwenye jani. Mkonge umetuzunguka tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipouagiza kutoka Florida mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyotumwa ilipona 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba yote uliyoyaona ukielekea Muheza na Korogwe yana historia hiyo. Muulize aliyefanya kazi shamba la mkonge: jua la miezi haliui mkonge, lakini sehemu inayotuama maji haipandwi. Shanga ni hivyo hivyo, ila ni mnyonge zaidi mbele ya jua.

Hatua ya 1: Kununua

Usivutwe na urefu wa nyuzi. Nyuzi ndefu zenye upara juu ni mmea uliokwisha choka. Tafuta kopo ambalo utosi wake, yaani pale juu kwenye udongo, umejaa shanga zilizobanana, hata kama zinazoning'inia ni fupi. Kisha omba kuona chini.

"Kaka, naomba niutoe kidogo kwenye kopo nione mizizi."

"Toa tu dada, huo mzigo mpya."

Mwenye kitalu anayejua kazi yake hakatai. Mizizi mizima ni myembamba na ya rangi nyeupe au ya maziwa. Ikiwa ya kahawia, inateleza na kunuka uvundo, rudisha kopo mahali pake bila kujali bei imeshuka kiasi gani. Bonyeza na shanga mbili tatu zilizo karibu na udongo: zinatakiwa ziwe ngumu. Zinazopitisha mwanga kupita kiasi na kupasuka ukizigusa zimeshaanza kuoza.

Ukifika nyumbani, uweke mbali na maua yako mengine kwa wiki mbili hivi. Wadudu wengi huingia nyumbani kwa njia hii.

Hatua ya 2: Chungu

Nunua chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi wala vanishi, chenye matundu chini. Chungu cha namna hiyo kinapumua ubavuni, na maji yanatoka kupitia ukuta wake. Cha plastiki kinaweza kufaa Dodoma. Huku kinakuongezea mzigo usio wa lazima.

Kina ndicho kitu ambacho wengi hawakiangalii. Mizizi haiendi mbali, kwa hiyo kwenye chungu kirefu udongo wa chini haunyonywi na yeyote, unakaa na maji yake kimya kimya mpaka uozo unapanda juu. Sentimita 10 hadi 12 zinatosha. Upana nao uzidi kidogo tu bonge la mizizi. Mmea mdogo kwenye chungu kikubwa kwa matumaini kwamba "utakua" ni njia ya haraka ya kuupoteza.

Kuna desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Iache. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kuisogeza sehemu yenye majimaji karibu zaidi na mizizi. Weka kipande cha wavu wa dirisha juu ya tundu ili udongo usimwagike, basi.

Hatua ya 3: Udongo

Udongo mweusi wa kitalu uliochanganywa na samadi ni mzuri kwa mchicha. Kwa shanga ni mzito mno. Mchanganyiko unaofaa huku ni sehemu moja ya udongo wa kitalu kwa sehemu mbili za vitu vikavu vinavyopitisha maji, na hivyo vitu vikavu ndivyo vinavyotaka maelezo.

Mchanga uwe wa mto, ule mnene wa kujengea. Uchekeche, vumbi lake ulitupe, ubaki na chenga. Mchanga wa baharini usiuguse hata kama unaishi Raskazone na upo mlangoni: una chumvi, na umejaa vipande vya makombe na matumbawe ambavyo ni chokaa tupu.

Kokoto nazo zina lake. Tanga tumekaa juu ya mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi wa kutosha, na kokoto nyingi za mafundi zinatoka kwenye mawe hayo hayo. Chukua jiwe moja, lidondoshee siki au maji ya ndimu. Likitoa povu, ni chokaa. Halitaua mmea kesho, lakini linaugeuza udongo polepole, na hakuna haja, kwa sababu kipande cha tofali la kuchoma kipo bure kwenye kila nyumba inayojengwa. Kiponde upate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi au chini ya hapo. Vipande vya tofali vinashika maji kidogo na hewa nyingi, na mimi navipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye mchanganyiko huu.

Ongeza konzi moja ya chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia. Zinaulegeza udongo na haziozi.

Ukitaka makumbi ya nazi, tia kidogo sana, na uyaoshe kwanza. Makumbi ya pwani mara nyingi yamefukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi ili nyuzi ziachane, na chumvi imeingia mpaka ndani. Yaloweke kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, mwaga, rudia mara mbili au tatu, ndipo uyaanike.

Jaribu kabla ya kupanda. Jaza chungu, mwagia kikombe cha maji. Yakizama papo hapo na kutokea chini bila kusimama juu, udongo uko sawa. Yakituama juu hata kidogo, ongeza tofali.

Wakati wa kupanda, jaza udongo mpaka ubaki upana wa kidole kimoja kufika ukingo. Wauzaji wengi huacha udongo chini sana, na utosi wa mmea unabaki shimoni, hauna mwanga wala hewa, na hapo ndipo upara unapoanzia. Usimwagilie siku ya kupanda. Mizizi iliyokwaruzika iache ikauke siku chache, kisha ndiyo unywe.

Ukiweza kuchagua, hamisha mmea kati ya Juni na Septemba, au wakati wa kaskazi. Katikati ya masika ngoja, isipokuwa umeshaona dalili za kuoza.

Hatua ya 4: Mahali pa kuuweka

Shanga inataka mwanga mwingi usio wa jua la kuunguza. Dirisha la mashariki ndilo bora: jua la asubuhi la saa moja mpaka saa tatu au nne linaufaa, kisha likishapanda juu unabaki na mwangaza tu. Dirisha la magharibi ni gumu, jua la saa tisa linachoma shanga mpaka zinakuwa za zambarau na kukunjamana. Ukilazimika, weka pazia jepesi.

Madirisha ya kaskazini na kusini yana hesabu ambayo vitabu vya Ulaya havitakupa. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linahama upande. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linapita kaskazini mwetu, na linainama zaidi Juni na Julai. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita kusini. Dirisha lililokuwa la kivuli kipindi cha kusi linaweza kuingiza jua Desemba, na mtu anashangaa mmea umeungua ilhali hakuusogeza. Yeye hakuusogeza, jua ndilo lililosogea. Mara mbili kwa mwaka, simama dirishani saa sita mchana uangalie mwanga unaangukia wapi.

Wavu wa mbu, hasa uliojaa vumbi, unakula mwanga kuliko watu wanavyodhani. Uoshe. Na nyumba za zamani za Ngamiani zenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, ule ukumbi hata kama ndio unaoonwa na wageni, haufai. Kuna giza. Mmea utarefusha nyuzi, nafasi kati ya shanga na shanga itapanuka, na shanga zenyewe zitakuwa ndogo. Bora barazani, chini ya bati au makuti, mahali ambapo mvua ya upepo haifiki. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zina kuta nene na mwanga wa dirishani hauingii mbali, kwa hiyo huko chungu kikae kwenye kizingiti chenyewe.

Utosi upate mwanga. Nalisema tena kwa sababu ndilo kosa linaloonekana katika kila nyumba: chungu kimetundikwa juu sana, karibu na dari, nyuzi zinaning'inia mbele ya dirisha zikipata mwanga wote, na pale juu kwenye udongo kuna kivuli. Miezi inapita, juu kunakuwa upara. Shusha kamba mpaka utosi uwe usawa wa kioo.

Kuhusu kamba, katani yetu inapendeza na chungu chekundu kuliko waya wowote, ila katani inayolowa na kukauka mara kwa mara inaoza kwenye fundo. Ivute kwa nguvu kila msimu unapobadilika. Chungu chenye udongo uliolowa kikimwangukia mtu kichwani, siyo jambo la mchezo.

Feni ni rafiki wa mmea huu. Hewa inayotembea inakausha udongo na kuzuia ukungu, kwa hiyo chumba chenye feni ni bora kuliko chumba kilichofungwa. Usiutundike chini yake moja kwa moja tu, nyuzi zitapigana na kupukutisha shanga. Kiyoyozi kisiupulizie usoni. Jikoni kwenye mvuke wa masufuria, hapana. Bafuni, hapana kabisa, hata kama picha za kwenye simu zinaonyesha hivyo. Na jioni ukitaka kupuliza dawa ya mbu chumbani, utoe nje kwanza. Kwa walio karibu na ufukwe, upepo wa kusi unabeba chumvi: futa nyuzi kwa kitambaa chenye unyevu mara moja moja, na siku za upepo mkali funga kioo cha upande huo.

Hatua ya 5: Maji

Hapa ndipo mimea inapofia. Acha kalenda, tazama mmea.

Kuna vipimo vitatu na ningependa utumie vyote mpaka uzoee. Cha kwanza ni ule mstari wa kioo ubavuni mwa shanga. Mmea ulioshiba una mstari uliofunguka, mpana kiasi, na shanga ni duara kamili. Ukianza kuona kiu, shanga inanywea kidogo, mstari unabanwa kuwa mwembamba, na ukiibonyeza kwa vidole viwili inabonyea kabla ya kurudi. Cha pili ni uzito. Nyanyua chungu siku uliyomwagilia, uukumbuke mkono ulivyosikia, kisha nyanyua tena kila baada ya siku chache. Kikiwa chepesi kweli, udongo umekauka mpaka chini. Cha tatu ni kijiti cha mshikaki: kichomeke mpaka chini, kiache dakika kumi, ukitoe. Kikitoka na rangi iliyokoza au chembe za udongo zimeshika, bado.

Vipimo vyote vikikubaliana, ndipo umwagilie, na ukimwagilia, mwagilia kweli. Kunyunyiza kijiko kimoja kila siku ni kubaya zaidi, kwa sababu juu kunalowa na kuoza wakati mizizi ya chini ina kiu. Njia ninayoiamini ni ya beseni. Tia maji kina cha vidole vitatu, kalisha chungu humo dakika 15 hivi, maji yanapanda kupitia matundu mpaka udongo wa juu unabadilika rangi. Kinyanyue, kiache kichuruzike mpaka tone la mwisho, ndipo ukirudishe. Kwa njia hiyo utosi haulowi, na shanga zilizolalia udongo hazikai kwenye majimaji. Fanya asubuhi, ili mchana wote uwe wa kukausha. Kama una kisahani chini ya chungu, kimwage. Maji yaliyotuama kwenye kisahani yanarudi juu, na mbu nao wanazaliana humo.

Sasa misimu. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, joto ni kali na upepo unakausha, unaweza kujikuta unamwagilia kila baada ya siku 10 hadi 14. Masika yakianza Machi na kukolea Aprili na Mei, hewa yenyewe imelowa: wiki tatu, hata mwezi, bila tone, na mmea utakuwa salama. Juni hadi Agosti ni kipindi chake kizuri zaidi huku, usiku umepoa kidogo na ukuaji unaonekana, rudi kwenye wiki mbili au zaidi. Vuli, fuata mvua: wiki yenye mvua ruka, wiki kavu pima. Hizi namba ni za kukupa mwelekeo. Chungu cha plastiki, chumba cha giza au udongo mzito utazibadilisha zote.

Kuhusu aina ya maji: maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Ukiona utando mweupe umejitokeza kwenye ubavu wa chungu, ndiyo hiyo. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, ukiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, uhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Madumu mawili yanatosha mmea mmoja muda mrefu, kwa jinsi unavyokunywa kidogo.

Usinyunyizie nyuzi kwa chupa ya kupulizia. Hewa yetu ina unyevu tayari.

Na mwisho kuhusu maji, jambo la nyumbani. Mmea mmoja uwe na mtu mmoja. Mama anamwagilia asubuhi kwa sababu umeonekana mkavu, dada wa kazi anamwagilia jioni kwa sababu ameambiwa asisahau maua, mtoto anamalizia kikombe chake humo. Kila mmoja amefanya wema. Waambie wazi, na ikibidi funga kitambaa kwenye kamba kuwa ishara ya "usiguse".

Mbolea

Kidogo. Mbolea ya maji ya kawaida ya maua, uipunguze nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi kuanzia Juni hadi Septemba. Masika usitie. Maji ya samadi ni makali mno kwake.

Wadudu

Angalia pale uzi unapokutana na shanga. Vitu vyeupe vyenye unga, mithili ya vijipamba, ni wadudu wanaofyonza utomvu. Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye kamba, jua wadudu hao wapo, maana sisimizi wanafuata utamu wanaoutoa. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa mdudu mmoja mmoja, rudia baada ya wiki kwa sababu mayai hubaki. Wakiwa wengi, osha nyuzi kwa maji ya sabuni ya kipande iliyoyeyushwa hafifu, suuza, uanike kivulini penye upepo mpaka pakauke kabisa. Vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinakuambia jambo moja: udongo umelowa muda mrefu.

Ukiona unaoza

Shanga zinazonywea zinaweza kuwa na kiu, na zinaweza kuwa zinaoza. Wengi wanachanganya hapo, wanamwagilia mmea unaozama. Tofauti ipo. Mwenye kiu shanga zake zinasinyaa zote kwa pamoja, zimebaki kijani, na chungu ni chepesi. Anayeoza, shanga za karibu na udongo ndizo zinazoanza, zinakuwa laini na za rangi ya maji ya kijani hafifu, huku chungu bado kina uzito. Mizizi ikishaoza haiwezi kunywa, ndiyo maana mmea unasinyaa katikati ya maji.

Usisubiri. Utoe leo leo, pukuta udongo wote, kata kila mzizi wa kahawia kwa mkasi uliofutwa spiriti. Ukikuta mizizi myeupe imebaki ya kutosha, uanike kivulini siku mbili, uupande kwenye udongo mpya mkavu, usimwagilie kwa wiki nzima. Ukikuta hakuna mzizi, sahau chungu, okoa nyuzi. Kata sehemu zote zilizo ngumu na za kijani, na uende hatua inayofuata.

Kuotesha nyuzi mpya

Hii ndiyo bima ya kila mwenye shanga pwani, na ningekushauri uifanye kabla ya masika, Januari au Februari, ukiwa bado na mmea mzima.

Kata uzi wa urefu wa sentimita 10 hivi. Ng'oa shanga tatu nne za upande uliokatwa, uache vifundo vitupu. Laza uzi kwenye karatasi, kivulini, siku moja au mbili mpaka jeraha likauke. Jaza chombo kifupi kwa ule mchanganyiko wetu, uuloweshe kidogo tu. Sasa usiuchomeke kama mche wa muhogo. Ulaze, uuzungushe juu ya udongo, na uubane kwa pini za nywele ili vifundo viguse udongo, maana kila kifundo kinachogusa ndiko mizizi inakotokea. Mahali pa mwanga bila jua, unyevu kidogo juu kila baada ya siku kadhaa. Baada ya wiki mbili hadi nne, vuta uzi taratibu. Ukikataa, umeshika.

Njia hiyo hiyo inatibu upara: chukua nyuzi ndefu zinazoning'inia, zirudishe juu, uzizungushe kwenye utosi na kuzibana. Mmea unajaa upya bila kununua mwingine.

Maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu ya mdalasini. Yanapenda mmea uwe umepitia baridi kabla, na baridi ya Tanga unaijua mwenyewe.

Watoto na mifugo

Shanga zimefanana na njegere, na mtoto anayetambaa anaweka kila kitu mdomoni. Mmea huu una sumu. Ukiliwa unaweza kuleta kutapika na kuharisha, na utomvu wake unawasha ngozi za watu wengine. Utundike mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, mbali na paka na mbuzi, na shanga zilizoanguka sakafuni zifagiliwe siku hiyo hiyo. Mtoto akimeza, mpeleke kituo cha afya na ubebe kipande cha mmea ili wauone.

Kama nyumba yako haina mwanga wala ukavu

Wapo wenye vyumba ambavyo hata ufanye nini unyevu hautoki. Kwao sishauri shanga. Kuna mmea mwingine wa kuning'inia, nao unahifadhi maji kwenye mashina, unaitwa Rhipsalis baccifera: vijiti vyembamba vya kijani visivyo na majani, vinashuka kwa wingi, na huzaa vitunda vidogo vyeupe. Ni jamii ya kaktasi, na ndiyo kaktasi pekee inayoota porini yenyewe nje ya bara la Amerika. Misitu ya Usambara, hapa hapa mkoani kwetu, ni mojawapo ya makazi yake, ambako inakaa juu ya matawi ya miti. Kwa kuwa ni ya msituni, inavumilia kivuli na hewa nzito. Usiende kuung'oa Amani, ile ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Omba kijiti kwa mtu anayeufuga au ulizia vitaluni.

Kuutunza, geuza nusu ya niliyosema: udongo uwe na makumbi yaliyooshwa na vipande vya magome, dirisha la jua la asubuhi tu au hata kivuli chenye mwangaza, na usiuache ukauke kabisa kwa wiki kadhaa kama shanga. Ukigusa udongo wa juu ukaukuta mkavu kina cha kidole, mwagilia. Kisahani kimwage vilevile.